Analeta jani la isale kwa mara ya tatu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 34, naishi Moshi. Nina duka dogo la vitenge na cherehani mbili. Mume wangu ni mkandarasi, anajenga nyumba za watu. Ndoa yetu ina miaka tisa. Nakuandikia nikiwa dukani, kwa sababu nyumbani simu yangu inakaguliwa.

Mume wangu ni mtu wa watu. Ukitaka kamati ya harusi isikwame, mpe yeye uenyekiti. Misibani anachangia, kanisani anasimama kutoa neno, mtaani wanamwita Mheshimiwa na wala hana cheo. Wakati wa uchumba alikuwa ananipigia simu mara sita kwa siku. Wenzangu wakaniambia nimeokota dodo chini ya mwarobaini, na mimi nikaamini.

Ndani ya nyumba ni mtu mwingine. Chumvi ikipungua kwenye mboga, namdharau. Nikinyamaza, namdharau. Nikicheka na wageni wake, namtafutia aibu. Nikiongea na mama yangu anataka niweke spika asikie. Hesabu za duka anafunga yeye jioni, na anasema bila yeye ningekuwa bado napanga ndizi chini pale Mbuyuni. Ni kweli mtaji wa kwanza alitoa yeye, laki nne. Hizo laki nne nimetajiwa kwa miaka tisa.

Alianza na kofi moja, mwaka wa tatu wa ndoa. Wiki haikuisha akaja na kaka yake kwa baba yangu Kibosho, wameleta jani la isale. Wasomaji ambao si Wachaga wajue kwamba kwetu mkosaji akileta isale, aliyekosewa anatakiwa asamehe. Baba akalipokea. Mara ya pili, mwaka juzi, alinivunja kidole. Isale likaja tena, safari hiyo na mbuzi.

Mara ya tatu ni Desemba iliyopita. Tulipanda mlimani kula sikukuu kama ilivyo ada, na mtoto wa dada yangu alikuwa na sherehe ya kipaimara. Nguo zote za familia nilishona mimi, usiku na mchana. MC akanisimamisha, akasema, "Makofi kwa Mama Junior, bila yeye leo tungekuwa matambara." Halafu akamwita mume wangu: "Na huyu hapa ndiye mume wa Mama Junior!" Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Mume wangu alicheka kuliko wote. Akanishika bega, tukapiga picha.

Kutoka Kibosho hadi nyumbani hakusema neno. Tulipofika akafunga mlango kwa ufunguo, akavua saa, akaiweka mezani taratibu. Akasema, "Leo umeniua mbele za watu." Akanikaba koo kwa mikono miwili, mgongo wangu ukiwa kwenye friji. Alivyoniachia sikumbuki. Nakumbuka nipo sakafuni naangalia zile sumaku za matunda zilizokuwa zimebandikwa kwenye friji, zimetawanyika, na nilikuwa nazihesabu.

Wiki mbili nimeshinda dukani na skafu shingoni, na joto la Moshi la Januari unalijua. Sauti ilikuwa imekauka, wateja nikawaambia nina mafua.

Mdogo wangu anasoma chuo Arusha. Nilimdokezea kidogo tu, akanitumia video zinazosema watu wa namna hii wanaitwa nasisisti. Nililia nikiziangalia, kana kwamba aliyezitengeneza aliwahi kupanga chumba nyumbani kwangu. Je, ni kweli mume wangu ana huo ugonjwa? Nimwonyeshe hizo video ajitambue, akatibiwe? Na Jumapili ijayo anakwenda kwa baba na isale. Baba ameniambia isale halikataliwi. Nifanyeje?

Mwenye Skafu, Moshi

*

Marahaba mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara nne, na kila mara nimekwama pale alipovua saa. Mtu aliyepandwa na hasira asijielewe havui saa akaiweka mezani taratibu. Mumeo alicheka mbele ya ukumbi, akapiga picha, akaendesha gari kutoka Kibosho kwa kufuata sheria zote za barabarani, akafunga mlango, ndipo akakukaba. Watakuja watu kukuambia "ni hasira tu zile". Hasira inayojua kusubiri mpaka mashahidi waishe imeshafanya hesabu zake.

Maswali yako nitayajibu yote, lakini kwanza koo lako. Nenda hospitali kesho, hata kama alama zimefutika. Mtu akikabwa, mishipa ya damu ya shingoni inaweza kuchanika kwa ndani huku ngozi ikiwa safi, na madhara yake, hata kiharusi, yanaweza kuchelewa siku au wiki. Sauti kukauka, maumivu ya kumeza, kizunguzungu, kichwa kisichoacha kuuma: yote mwambie daktari. Na usimwambie mafua. Mwambie, "Nilikabwa koo na mume wangu," aandike hivyo hivyo.

Nasisitiza kwa sababu hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Watafiti wa Marekani, akiwemo Jacquelyn Campbell wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, aliyetumia miaka mingi kuchunguza wanawake waliouawa au kunusurika kuuawa na wenzi wao, walionyesha mwaka 2008 kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa koo na mwenzi wake yuko katika hatari ya kuuawa na mtu huyo zaidi ya mara sita ukimlinganisha na mwanamke anayepigwa bila kukabwa. Kofi, kidole, koo. Wewe umeandika kama makosa matatu yanayofanana. Mimi naona ngazi, na anapanda.

Sasa huo unasisisti. Jina limetoka kwenye ngano ya Wagiriki ya kijana Narcissus, aliyependa sura yake mwenyewe majini mpaka akafa palepale ukingoni. Madaktari wa akili wa Marekani waliliingiza tatizo hili kama ugonjwa wa haiba katika mwongozo wao mwaka 1980. Mwongozo wa sasa una dalili tisa, na mtu anatakiwa awe na tano au zaidi: kujiona mkubwa kuliko alivyo, kiu ya kusifiwa, kuamini anastahili kupewa kila kitu, kutumia watu, kutohisi maumivu ya mwenzake, wivu, na kadhalika. Anayeruhusiwa kusema fulani anao ni mtaalamu aliyekaa naye na kumchunguza. Mdogo wako hawezi, video haiwezi, na mimi niliyesoma kurasa mbili za barua siwezi. Tabia zenyewe, hata hivyo, kila mtu anazo kwa kipimo fulani, na kwa mumeo umezieleza kwa mifano ambayo sina sababu ya kuitilia shaka.

Je, zinahusiana na kupiga? Zinahusiana. Zamani ilisemwa kwamba mtu mkatili ndani yake anajidharau. Mwaka 1996 mwanasaikolojia Roy Baumeister na wenzake waliandika kwamba ushahidi unaelekea kwingine: wa kuogopwa ni yule anayejiona yuko juu sana halafu akatikiswa. Miaka miwili baadaye yeye na Brad Bushman wakafanya jaribio. Wanafunzi waliandika insha, wengine wakarudishiwa na maoni ya kuwatukana kwamba ni miongoni mwa insha mbovu kabisa. Halafu wakapewa mchezo ambao ndani yake waliweza kumpigia mwenzao makelele masikioni, kwa ukali wanaoutaka. Waliobonyeza kwa ukali kupita wote ni wale wenye kujikweza ambao walikuwa wametukanwa, na walimlenga yule waliyeambiwa ndiye aliyewatukana. Mwaka 2021 Bushman na Sophie Kjærvik walikusanya tafiti 437 zenye watu zaidi ya 123,000, wakaona uhusiano huo upo kote, kwa wanaume na wanawake. Upo kwa wenye majigambo, na upo pia kwa wale wapole wa nje wanaojihisi wameonewa kila siku na kuhifadhi kinyongo.

Rudi sasa ukumbini Kibosho. MC hakumtukana mumeo. Alisema "mume wa Mama Junior". Wanaume wengi mlimani wangetembea na maneno hayo wiki nzima wakiyatamba. Kwa mtu ambaye lazima awe juu kila mahali, makofi uliyopigiwa wewe ni pesa zilizotoka mfukoni mwake. Ndiyo maana miaka tisa ya kupima chumvi haijakusaidia. Umekuwa ukitafuta kosa lako ili ulirekebishe, na kosa halikuwa kwako kamwe. Mwaka huu ni kushona vizuri. Mwakani itakuwa mtoto kukusifia mbele yake.

Lakini hapa ndipo nataka unisikilize kuliko kote. Uhusiano huo nilioutaja ni wa wastani. Watu wengi wenye majivuno hawajawahi kumkaba mtu, na wanaume wengi wanaopiga wake zao hawana ugonjwa wowote wa haiba. Na tazama ushahidi uliouandika mwenyewe: aliyesema maneno yale ni MC. Aliyekabwa ni wewe. Mkandarasi hudhulumiwa na wateja, huzungushwa malipo, hufokewa na mafundi mbele ya watu. Je, amewahi kumkaba mteja? Hajawahi, kwa sababu anajua kitakachofuata. Kwako pia anajua kitakachofuata: ataokota jani shambani, atampitia kaka yake, baba atalipokea. Majivuno yanaeleza kwa nini aliumia. Hayaelezi kwa nini mikono yake ilienda kwenye shingo yako na si ya mwingine. Hilo linaelezwa na ruhusa, na ruhusa hiyo tumempa sisi, wazee wa pande zote mbili.

Nasema sisi kwa uchungu. Miaka ya nyuma alinijia binti mmoja na jicho limevimba, nikampa chai, nikamwambia ndoa ni kuvumiliana, nikamsindikiza mimi mwenyewe hadi kituo cha daladala arudi kwake. Aliondoka akinishukuru. Sijaisahau shukrani ile, na tangu siku hiyo neno vumilia halijatoka tena kinywani mwangu kwa mtu anayepigwa.

Swali lako la pili: usimwonyeshe video. Usimwambie "nimegundua wewe ni nasisisti". Utakuwa umechukua kile kinachomwasha na kukimwagia petroli, mkiwa wawili, mlango umefungwa. Tiba ipo, ni ya mazungumzo na mtaalamu, inachukua muda mrefu, na haifanyi kazi kwa mtu anayeamini mwenye tatizo ni mkewe. Kidonge cha kuondoa majivuno hakuna. Akiamua kwa miguu yake kwenda hospitali ya KCMC kuonana na madaktari wa akili, ni heri kwake. Lakini asiende kwa kukushika mkono, wala msikae pamoja mbele ya mshauri wa ndoa wakati unamwogopa, awe mchungaji, padri au nani. Utakachokisema mle ndani utakilipia jioni. Na usiweke maisha yako rehani ukisubiri apone.

Tuje kwenye isale. Siwezi kuitukana mila iliyosuluhisha damu na mipaka ya vihamba, yale mashamba ya ukoo, tangu enzi za mababu. Jani hilo lina heshima yake. Ila nakuuliza: mara mbili zile, alipofika kwa baba, alitamka nini? Hukuniandikia, na nadhani najua sababu. Ilisemwa "tumepishana kauli na mwenzangu", au "kama nimemkosea anisamehe". Anayeomba radhi hutaja kosa. Kama mbele ya wazee hakusema "nilimvunja kidole", basi baba yako alipokea jani kwa ajili ya ugomvi, hakulipokea kwa ajili ya kidole, maana hakuambiwa. Na isale lilelile, mwanangu, ndilo lililopandwa kuzunguka kihamba cha baba yako kuonyesha mwisho wa shamba lake. Mtu wa mlimani haling'oi la jirani. Baba yako analijua hilo kuliko mimi.

Kwa hiyo kabla ya Jumapili umwone baba, wewe na yeye tu, mashemeji wakiwa hawapo. Usimwambie "ananitesa", neno hilo wazee wamelizoea. Vua skafu. Mwambie, "Baba, alinikaba koo kwa mikono miwili, nikaanguka, sikumbuki alivyoniachia." Halafu nyamaza umwache alibebe. Mwambie pia kwamba kusamehe ni jambo moja na kurudi kulala nyumba ile ni jambo jingine: anaweza kupokea jani, na binti yake asirudi. Akikataa kusikia itauma sana, lakini hata hapo hakuna anayeweza kukulazimisha uwepo Kibosho siku hiyo.

Sheria iko upande wako. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata kama mila inasema vingine. Imesema hivyo kabla wewe na mumeo hamjazaliwa. Kituo cha polisi kina Dawati la Jinsia na Watoto, ambapo utapewa PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Kama hali ni mbaya, hospitali kwanza, karatasi baadaye. Hapo hapo Moshi kuna KWIECO, shirika linalowasaidia wanawake kisheria na lenye nyumba ya hifadhi. Nenda ukaongee nao hata kama hujaamua lolote. Ukifikia kudai talaka, kwa kawaida mahakama hutaka kwanza mpitie baraza la usuluhishi wa ndoa, ila mazingira yakiwa si ya kawaida mahakama inaweza kuliruka. Mwanasheria wako muulize hilo mapema.

Na zile laki nne. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema hata kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Wewe umepika, umelea, na juu yake umeendesha duka miaka yote hiyo. Nyumba mnayoishi hawezi kuiuza bila ridhaa yako. Mtoto aliye chini ya miaka saba, sheria huanza kwa kuamini anafaa kukaa na mama, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Akikutishia kwamba utatoka mikono mitupu, ujue anakutisha tu.

Ukiamua kuondoka, asijue. Naomba hili ulishike, maana wengi wanadhani kuaga ni uungwana. Kwa mtu wa namna hii, siku unayoondoka na miezi inayofuata ndiyo ya hatari kubwa, kwa sababu hakuna aibu inayomzidi ya kuachwa. Anza kutoa vitu kidogo kidogo dukani kama unapeleka mzigo kwa mteja: vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha ndoa, kitambulisho cha NIDA, kadi za bima, nakala ya karatasi za kiwanja na mkataba wa fremu ya duka. Viweke kwa mtu ambaye mumeo hamfikirii. Hisa zako za VICOBA, kama uko kwenye kikundi cha kuweka akiba, muulize mweka hazina utaratibu wa kuzitoa. Badilisha namba ya siri ya pesa za simu siku ya kuondoka, usiwahi, asije akashtuka. Kubaliana na mdogo wako neno moja la kawaida, labda jina la kitenge, ambalo ukilituma anajua apige simu polisi, 112. Shuleni mwambie mwalimu mkuu nani anaruhusiwa kuwachukua watoto.

Hujaniandikia watoto walikuwa wapi usiku ule. Kama walikuwa chumbani walisikia, na wanahitaji mtu mzima awaambie kwamba halikuwa kosa lao wala lako.

Usinijibu kwa simu yako. Futa ujumbe huu ukimaliza kuusoma, na mdogo wako aniandikie kwa simu yake jibu la mambo mawili: daktari amesema nini kuhusu koo, na baba alifanyaje ulipovua skafu.

Shangazi